Kuni za Mata

Kama Harkaram angekuwa mtu wa kununa, pengine msitu wa Rohil Mata, mungu mama wa kijiji chao, ungekuwapo hadi leo. Ndivyo alivyojiambia mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumtoa katika fikra hiyo. Lakini wapi! Harkaram alikuwa mfugaji wa ngamia mwenye kilemba chekundu na masharubu aliyoyapenda kupita kiasi, na akipata mgeni wa kumsikiliza, domo lake halikuwa na breki.

Wageni walifika Rohilsar, kijiji chake cha jangwani, baada ya mvua, wawili, ndani ya gari jeupe. Mkubwa wao aliitwa Mehul, mpimaji wa ardhi kutoka Ahmedabad, kijana mpole mwenye kofia pana. Aliwakuta wazee wamekaa kwenye baraza ya hekalu wanakunywa chai. Akawaamkia kwa viganja vilivyoshikana, akavua viatu, akaketi chini pamoja nao. Hilo peke yake liliwakosha wazee.

"Nimesikia mna msitu wa Mata hapa," alisema. "Naomba nijue unaanzia wapi na unaishia wapi, nisije nikakanyaga pasipokanyagwa."

Jethmal, mlinzi wa hekalu, aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Mtoto wa mjini mwenye adabu. Mpigeni picha kabla hajapotea."

Wakacheka, kisha macho yote yakamwelekea Harkaram. Nyumba yake ndiyo iliyobeba chungu cha maziwa. Kila mwaka mvua zinapokwisha, kijiji kizima huzunguka msitu, na mtu wa nyumba hiyo hutangulia na chungu chenye tundu dogo chini, maziwa yakidondoka mchangani mpaka duara likutane. Ndani ya mstari huo haukatwi mti wala hakiokotwi kijiti kikavu. Hakamatwi mtu pia. Hata mwizi akishavuka mstari ni mgeni wa Mata, na wanaomfukuza hubaki nje wakitukana.

"Njoo, mwanangu," Harkaram alisema, tayari ameshajifunga kilemba upya. "Nitakuonyesha jiwe kwa jiwe."

"Maskini mtoto wa watu," Jethmal alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Atarudi masikio yamechakaa."

Walizunguka kutwa. Harkaram akitaja jina la kila jiwe la mpaka, Mehul akisimamisha kipimo chake cha miguu mitatu juu yake na kubonyeza. Waliipita mikhejri, miti ya miiba ya jangwani, iliyopinda kwa uzee, wakapita bwawa ambalo mteremko wote ule huteremshia maji yake, na ngamia wa Harkaram wakanyanyua shingo kumtazama mgeni huku midomo ikidondosha maji.

"Ndani humu kuna shamba la mtu?" Mehul aliuliza.

"Shamba! Tangu mababu, hakuna aliyetia jembe humu."

"Nyumba je? Au mahali pa kuchomea maiti?"

"Hata mtu akibanwa na mkojo anatoka nje ya mpaka, mwanangu. Unafikiri sisi wanyama?"

"Na hati iko kwa jina la nani?"

Hapo Harkaram alisimama kabisa, maana hadithi hiyo aliipenda. "Makarani wa serikali walikuja zama za babu yangu, wanataka kuandika mwenyewe ni nani. Babu akawafukuza kwa fimbo. Nani mwenye kichwa cha kuandika jina lake juu ya ardhi ya Mata? Wewe ungethubutu?"

"Hapana, mzee."

"Basi. Hii si ya mtu yeyote."

"Si ya mtu yeyote," Mehul alirudia polepole, akiandika.

Mchana walikaa chini ya mkhejri mmoja ukingoni mwa bwawa, wenye tawi nene lililolainika kama ngozi kwa sababu ngamia wote wa ukoo wamejikunia shingo pale. Dhapu, mke wa Harkaram, alikuwa amewafungia mikate ya uwele na mboga ya maganda ya mkhejri iliyokolea pilipili. Kijana alikula mpaka machozi yakamtoka, akaomba aongezwe. Wakati wa kuondoka aliinama akamgusa Harkaram miguu, na mzee akamwekea mikono miwili kichwani, akambariki.

Baada ya sikukuu ya Diwali watu waliitwa kwenye mkutano wa kusikiliza wananchi. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na sambusa, na mbele kitambaa cheupe kilichomulikwa ramani. Ofisa aliyevaa sweta alieleza kwamba kampuni italeta umeme wa jua, umeme safi, na kwamba wametafuta sana ardhi isiyomsumbua mtu. Kisha akaonyesha umbo la rangi ya samawati.

Harkaram hakujua kusoma ramani, lakini umbo lile alilijua. Palikuwa na kona ya jiwe la kunguru. Palikuwa na kibonde cha bwawani. Miguu yake ilikuwa imepita mstari ule kila mwaka tangu alipokuwa akibebwa. Akamshika Jethmal mkono.

"Hiyo ni njia ya maziwa," alisema.

"Imeandikwa nini pale katikati?" Jethmal akamuuliza Bhanwar, mtoto wa Harkaram, aliyekuwa amesoma kidogo.

Bhanwar alikunja uso, akasoma. "Ardhi tupu. Haina mwenyewe."

Watu waliuliza maswali mazuri, tena kwa utulivu. Mwanamke mmoja aliuliza, wakishasawazisha mteremko, maji ya mvua yatakwenda wapi, maana chini ya mteremko ziko nyumba. Mwingine aliuliza habari za nyaya kubwa, kwa kuwa tandawala, ndege yule mkubwa, huruka chini na haoni mbele yake, na wamebaki wachache. Bhanwar akauliza mnyama akijikuna kwenye nguzo itakuwaje. Kila mara ofisa aliitikia kwa kichwa na kusema, "Swali zuri. Limeandikwa."

"Babu yake Harka alikataa kuandika," Jethmal alinguruma. "Leo wanatuandikia mpaka kikohozi."

Harkaram alisimama. Sauti yake, ambayo haikuwahi kumsaliti, ilitoka nyembamba. "Bwana mkubwa, ardhi ile ina mwenyewe."

"Nani?"

"Rohil Mata."

Ofisa hakucheka. Waliokaa nyuma yake walicheka, yeye alikuna kidevu tu. "Ana hati yoyote, mzee?"

Harkaram alibaki amesimama mpaka mkewe akamvuta shuka. Nje ya hema alimkuta Mehul amejiegemeza kwenye gari jeupe, anatazama viatu vyake.

"Wewe umekula mkate wangu," Harkaram alimwambia.

"Mzee, mimi napima tu." Macho ya kijana yalikuwa mekundu. "Niliandika kwamba kuna miti na kuna ibada. Wameniambia hakuna mahali pa kuijaza hiyo. Wao wanataka kujua kama kuna mgogoro. Na wewe uliniambia si ya mtu yeyote."

Alisema kweli, na ndiyo iliyomkata Harkaram maini. Kila alichojivunia siku ile ndicho kilichoifanya ardhi ipendeze: haina shamba, haina nyumba, haina mwenyewe. Alijipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe, tena akicheka.

Wanakijiji wakaenda mjini Jaisalmer kwa wakubwa, wakarudi. Wakatafuta wakili, naye akawafungulia kesi, na kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Asubuhi moja, wakiwa bado wanangoja tarehe, misumeno ya mashine ilisikika msituni.

Vijana wa kijiji walikimbia na fimbo zao ndefu za kuchungia, lakini walipofika kwenye mawe ya mpaka wote walisimama ghafla. Wakata miti walikuwa ndani. Walikuwa vibarua wa mbali, wembamba, na mmoja wao aliwatazama akatabasamu kwa woga. Na yeyote aliye ndani ni mgeni wa Mata.

"Baba, tuwatoe!" Bhanwar alipiga kelele, machozi yakimchuruzika. "Sema neno moja tu!"

Harkaram alilitafuta neno hilo, hakulipata. Aliuona mkhejri wa kwanza ukiinama kwa heshima kama mtu anayesujudu, kisha ukalala. "Ukimpiga mtu humo ndani," alisema mwishowe, "wewe na wao tofauti yenu ni nini?"

"Tofauti ni kwamba miti itabaki!"

Vijana walitupa fimbo chini, wakaingia mikono mitupu, wakaketi kati ya mashina. Polisi wakaja wakawabeba mmoja mmoja, taratibu, wakiwashika kwapani kama wagonjwa, wakawashusha upande wa pili wa mstari. Jua lilipokuwa utosini hapakuwa na kivuli cha kukalia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Uzio ulisimama juu ya njia ya maziwa, bwawa likabaki ndani yake. Mvua moja ya ajabu isiyo ya msimu iliteremka moja kwa moja hadi nyumba za chini, ikabomoa kuta mbili za udongo, na ofisa akaja akaandika. Ngamia jike wa Harkaram aliyeitwa Moru, mwenye tabia ya kutafuta mahali pa kujikunia, alikutwa amelala chini ya nguzo na ulimi nje. Kampuni ilisema nguzo ile haina tatizo. Siku iliyofuata kilibandikwa kibao cha fuvu la kichwa, kana kwamba ngamia wanajua kusoma.

Ngamia waliobaki, Harkaram aliwauza. Hawakuwa na malisho wala maji, na alikuwa amechoka kuwasikia wakilia usawa wa uzio. Bhanwar alipata kazi huko huko ndani, ya kuosha vioo vya sola kwa maji ya bwawa. Alikuwa akirudi jioni, anakula, hasemi. Baba yake naye hakumuuliza kitu. Hata masharubu aliacha kuyapaka mafuta.

Kisha ikaja baridi ya mwaka uliofuata. Kule jangwani baridi ya Januari haina huruma; ukungu hukaa mpaka saa za mchana na maji hushika ganda juu. Zamani walikoka moto kwa samadi kavu ya ngamia, na vijiti vya nyikani. Sasa ngamia hawapo, na nyika iko nyuma ya waya. Watu walichoma vitanda vibovu, halafu maboksi na plastiki zilizofungiwa vioo vya sola, moshi mweusi unaokwangua koo. Mitungi ya gesi ilikuwapo nyumbani, ndiyo, imefunikwa vitambaa vizuri, mitupu.

Ndipo kampuni ilipoleta zawadi. Malori yalimwaga mbele ya hekalu mlima wa kuni: mikhejri ya Mata, imekatwa vipande vya mkono mmoja, safi kabisa. Bwana mmoja mchangamfu alisema ni msaada wa msimu wa baridi kwa majirani, akawapanga watoto mbele ya mlima ule akawapiga picha.

Gari lilipoondoka hakuna aliyesogea. Kuni za ndani ya mpaka hazichomwi. Hilo hata mtoto anayetambaa alilijua. Zirudishwe zilikotoka? Lango limefungwa. Zitupwe? Miti ile ilikuwa kama wazee wao; nani awatupe? Jethmal alikwenda akaweka taa ndogo ya samli pembeni mwa mlima, akaiwasha kila jioni, na kijiji kikaendelea kutetemeka kando ya kuni ambazo zingekitosha mpaka joto lirudi.

"Wametufunga mikono," Jethmal alisema siku moja, akipuliza vidole vyake. "Wangetupiga tungewapiga. Sasa mtu aliyekupa kuni utamfanya nini?"

Sugna, mke wa Bhanwar, alijifungua mtoto wa kike katikati ya baridi hiyo. Dhapu alimkanda kichanga kwa mafuta ya haradali, akamfunga shuka juu ya shuka, lakini vidole vya miguu vilikuwa baridi kila ukivigusa, na kilio chake kilikuwa kidogo, kama cha kitu kilicho mbali.

Asubuhi moja Harkaram alitoka kutafuta vijiti. Alitembea sana kando ya uzio, akarudi na konzi moja ya matawi ya mkaki, kichaka cha jangwani, yasiyochemsha hata chai. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Akiwa bado mbali, aliuona moshi. Haukuwa moshi mweusi wa plastiki. Ulikuwa mweupe, mzito, umenyooka, moshi wa mti mkubwa, na ulikuwa ukitoka nyumbani kwake.

Alikimbia. Watu walikuwa wamesimama milangoni mwao wakitazama paa lake, na hakuna aliyemsalimu.

Dhapu alikuwa ameketi kizingitini, magoti yameziba njia, kama mtu anayezuia mbuzi. Alipomwona mumewe alisogea akampisha. Ndani, Sugna alikuwa ameinama mbele ya moto, ameshusha ushungi mpaka kifuani kama ilivyompasa mbele ya baba mkwe. Tangu aolewe hajawahi kumwambia Harkaram neno la moja kwa moja. Mtoto alikuwa mapajani mwake, miguu wazi, nyayo zimeelekezwa kwenye moto.

"Nani amewasha?" Harkaram alimfokea mkewe. "Nani aliyeleta balaa hii nyumbani mwangu? Nauliza!"

Dhapu alitazama uani.

Sauti ilitoka chini ya ushungi, tulivu, nayo haikumwelekea yeye. "Mwambie babu yako," Sugna alimwambia mtoto. "Mwambie ni mama. Mama alikwenda mwenyewe, mchana kweupe, akachagua, akabeba kichwani, watu wanamwona. Mwambie usiku hukunyonya. Midomo yako ilianza kugeuka rangi."

"Dhapu, mwambie mkweo—" Harkaram alianza.

"Mwambie babu, kama Mata ana hasira, anikasirikie mimi. Mimi niko hapa hapa." Aliusogeza mtungi wa maji kwa mguu, ukafika karibu na miguu ya mzee. "Na mwambie maji haya hapa. Akitaka kuuzima, auzime yeye."

Harkaram aliutazama mtungi. Hata akauinua, akausikia uzito wake. Mtoto alipiga chafya, akanyoosha kidole kimoja cha mguu, kisha kingine, kama anayejaribu kama ni vyake. Vilikuwa vyekundu.

"Harka!" Jethmal aliita uani. "Harka, huo moshi ni wa kwako?"

Akaingia bila kusubiri jibu, na nyuma yake nyuso nyingine zikajaza mlango. Mlinzi wa hekalu aliutazama moto, akamtazama Harkaram na mtungi mkononi, akamtazama mtoto. Akageuka akatoka.

Kupitia mlangoni Harkaram alimwona rafiki yake akivuka uwanja hadi kwenye mlima wa kuni, akaizima ile taa ya samli kwa vidole, akaketi akiupa mlima mgongo, shuka kichwani, ili asione. Mwanamke mmoja alikwenda na karai. Halafu mwingine. Halafu watu hawakuhesabika, na hakuna aliyezungumza, kuni tu zikigongana.

Mzee aliushusha mtungi chini, akaketi mbele ya moto. Hapo ndipo alipoitambua kuni iliyokuwa ikiungua. Upande mmoja ulikuwa laini kama ngozi. Lilikuwa tawi la bwawani, alilojikunia Moru, na kabla yake mama yake Moru. Chini yake kijana wa Ahmedabad alikula mpaka akalia kwa pilipili. Harkaram alijifunika uso kwa kilemba akalia kama mtoto, na wanawake wale wawili wakamwacha alie.

Alipomaliza, chumba kilikuwa na joto. Aliliona hilo, akaona haya, lakini mwili hauna haya; mabega yalishuka yenyewe, vidole vikalegea. Ulikuwa moto mzuri sana. Tawi lilikuwa limeungua katikati likakatika, na ncha zake mbili zikabaki nje ya makaa zikifuka.

"Mwambie babu," Sugna alinong'ona kwa mtoto, "moto unafifia."

Harkaram alinyoosha mkono, akazisukuma kuni ndani.